"Mumewe huyo!": dhana potofu kuhusu vipindi vya uhalifu wa kweli

Nyumbani kwa mama mdogo, Wete, Pemba, ungo hutoka jikoni baada ya Isha na kuja ukumbini. Huchambua mchele wa kesho huku anatazama kipindi cha mauaji, na mimi nimeshajua kuusoma mkono wake. Msimulizi akiwa bado anaelezea mji na theluji, vidole vinakwenda mbio. Akishusha sauti, vidole vinasita juu ya chenga. Mwanawe wa kidato cha tatu ndiye mkalimani, maana Kiingereza kinampita, lakini kabla mtoto hajafungua mdomo yeye ameshatoa hukumu: "Mumewe huyo! Mtazame macho."

Kwa mapenzi yake hayo ameshaambiwa mengi. Machache ni ya kweli.

"Mtu anayependa haya ana roho mbaya"

Wanawake ndio huambiwa hivi zaidi, kana kwamba wameingilia starehe isiyo yao. Kumbe wao ndio wapenzi wakubwa wa visa hivi. Mwaka 2010 Amanda Vicary na R. Chris Fraley wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu jambo hilo hilo. Wanawake walielekea kuchagua kisa cha kweli cha mauaji kuliko kitabu cha vita, na vita navyo vina damu tele. Hamu ilizidi pale kitabu kilipoahidi kueleza hila aliyoitumia mtu kujinasua, au kilichomsukuma muuaji. Yaani wanasoma kama mtu anayejiandaa kwa mtihani anaoomba usimfike.

Mama mdogo hajausikia utafiti huo. Ila usiku mmoja kilipita kisa cha mwanamke aliyefungiwa kwenye buti ya gari, na asubuhi alimwendea jirani mwenye teksi kumuuliza buti inafunguliwaje kwa ndani. Hakutoka pale mpaka ameoneshwa.

Wanaume nao hutazama, ila wakikutwa husema wanasubiri mpira.

"Ni uzungu, umeletwa na ving'amuzi"

Asemaye hivi amemsahau Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda shindano la uandishi mwaka 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na mpelelezi wake mwenye kiko mdomoni akasomwa kote kunakosomwa Kiswahili. Bwana Msa ni wa kubuni, na ukoo wake unafika kwa Sherlock Holmes, sikatai. Lakini kiu ya kujua nani kafanya nini ilikuwepo kisiwani kabla ya dishi la kwanza kupachikwa juu ya bati. Na kama ni televisheni, Zanzibar ilikuwa na ya rangi mapema miaka ya 1970, wakati Bara walisubiri hadi miaka ya 1990.

"Muuaji ni mgeni wa ajabu, anavizia gizani"

Hapa ndipo vipindi vinapotupoteza, hata kama kila kisa peke yake ni cha kweli. Tatizo ni visa vinavyochaguliwa. FBI wenyewe, wapelelezi wa serikali ya Marekani, wanakadiria kuwa wauaji wa mfululizo huhusika na chini ya asilimia 1 ya mauaji yote ya Marekani kwa mwaka, lakini ukihesabu kwa rimoti utadhani kila mtaa una wake.

Hesabu ya Umoja wa Mataifa inasema vingine. Mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 85,000 waliuawa kwa makusudi duniani, na kama 51,100 kati yao, asilimia 60, waliuawa na wenza wao au jamaa zao. Wanaume ndio wanaouawa kwa wingi zaidi kwa jumla, kiasi cha wanane katika kila kumi, ila wao mauti huwakuta zaidi nje ya nyumba. Kwa hiyo ile "mumewe huyo" ya mama mdogo si ya kubahatisha tu.

Ajabu ni kwamba kipindi kikimalizika, humtuma mtoto akatazame komeo la mlango wa nje, kisha huenda mwenyewe kulitazama tena. George Gerbner, mtaalamu wa mawasiliano wa Marekani, aliliona hili tangu miaka ya 1970: anayetazama televisheni sana huiona dunia mbaya kuliko ilivyo.

Basi tufunge komeo. Lakini Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar hutoa takwimu za udhalilishaji, yaani ukatili wa kijinsia na wa watoto, kila mwezi, na mwezi baada ya mwezi watoto ndio wengi. Aliyemdhuru mtoto mara nyingi anajulikana na mtoto, na hakuhitaji kuvunja mlango. Hapo hakuna muziki wa kutisha. Kuna muhali, ile haya ya kumkatalia jamaa. Ami anakuja na wazee wawili, chai inaletwa, inasemwa kwamba sisi ni damu moja, tusivuane nguo, na mpaka vikombe vinaondolewa mambo yamekwisha na sheha, kiongozi wa mtaa, hajasikia. Sheria ya Adhabu ya mwaka 2018 ipo, mahakama maalumu ya kesi za udhalilishaji ipo tangu 2021, lakini hakimu hawezi kusikiliza kesi iliyomalizwa ukumbini. Na televisheni haiwezi kuitengenezea kipindi, kwa kuwa haina mwisho.

"Vinasaba humaliza kila kesi"

Kwenye televisheni majibu ya maabara hutoka kabla ya tangazo la sabuni. CSI, tamthilia ya kubuni iliyoanza mwaka 2000, ndiyo iliyochochea sana imani hii. Mwaka 2006 waliulizwa zaidi ya raia 1,000 walioitwa kuamua kesi huko Michigan. Waliokuwa wakiitazama walitarajia ushahidi wa kisayansi zaidi, ingawa haikuonekana kuwa walikuwa wepesi zaidi wa kumwachia mshtakiwa. Kwetu matarajio hayo yako barazani: "Kwani hawana mashine?"

Mashine haisemi kitu juu ya kanga iliyokwishafuliwa. Aliyedhalilishwa asioge kwanza. Nguo zisifuliwe, na zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu unyevu ukifungiwa huharibu ushahidi (hapa marufuku yetu ya mifuko ya plastiki imetusaidia bila kukusudia). Aende kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini mapema awezavyo, na saa 72 zisipite, kwani dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU haianzwi baada ya hapo. Katika usiku wote niliokaa kwenye jamvi la mama mdogo sijasikia msimulizi akilieleza hili.

"Kinachovuta ni damu"

Mwezi uliopita umeme ulikatika katikati ya kisa. Maiti tulikuwa tumeshaiona, na damu, na picha za polisi. Anayetafuta damu angekwenda kulala ameshiba. Hakwenda mtu. Tulikaa gizani na tochi ya simu juu ya ungo, tukabishana mpaka saa tano: mume, au yule mshirika wake wa biashara? Na bima ya maisha ilikatwa lini? Tulichonyimwa ni jibu.

"Ukitazama sana unakuwa mpelelezi"

Mwaka 1995 uvumi wa Popobawa, shetani aliyesemwa kuwavamia watu usiku vitandani, ulianzia Pemba ukavuka mpaka Unguja. Watu walilala nje kwa makundi, na kila mmoja alikuwa na dalili zake za kumtambua. Unguja mjini umati ukamuua mtu mmoja mwenye maradhi ya akili, ukiamini ndiye. Mama mdogo mwenyewe alilala nje miezi hiyo. Ukimuuliza habari zake hucheka kwanza, kisha huacha kucheka.

Ile ya umeme, binamu alikitafuta kipindi kwenye YouTube kesho yake, akatuletea jibu. Alikuwa mshirika wa biashara. Alama za vidole zake zilikutwa, na alikiri.

Mama mdogo aliutikisa ungo, akatoa jiwe dogo, akalitupa dirishani.

"Basi wamemshika siye," alisema.