Umbali wa anga na muda wa safari: Mtwara hadi Dar es Salaam

Umbali wa anga ni urefu wa njia fupi kuliko zote kati ya miji miwili, bila kujali mto, mlima wala barabara. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 400. Kwa gari, kupitia Mingoyo, Nangurukuru na Daraja la Mkapa pale Rufiji, unapita kilomita 550. Barabara hufuata ardhi ilivyo. Tazama Lindi na Mtwara: kwa mstari ulionyooka miji hii imeachana takriban kilomita 60 tu, lakini gari lazima lizunguke hori la Lukuledi mpaka Mingoyo ndipo lishike njia ya Mtwara, na safari inazidi kilomita 100.

Marubani wao huhesabu kwa maili za baharini. Moja ni mita 1,852, hivyo Mtwara hadi Dar ni kama maili 215.

Muda wa safari ni jambo jingine, na hapa ndipo hesabu ya kugawanya umbali kwa kasi inapodanganya. Ndege ya mapangaboi aina ya Q400 ikishatulia juu hukata kama kilomita 650 kwa saa. Gawanya 400 kwa 650, utapata dakika 37. Mbona basi tiketi huonyesha karibu saa nzima? Kwa sababu kasi ile ni ya sehemu ya katikati tu. Ndege hupanda polepole, hushuka polepole, na Dar huweza kusubiri zamu ya kutua. Tena muda wa tiketi huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho na huisha inapoegeshwa, si inapoacha na kugusa lami. Ndiyo maana kwenye njia fupi kama hii hata ndege ya jeti, yenye kasi kubwa zaidi, huokoa dakika chache tu. Upepo nao una sehemu yake: ukiisukuma kwa nyuma ndege huwahi, ukiikabili huchelewa.

Kwa msafiri, muda wa kupangia ni ule wa mlango hadi mlango. Anayetoka Lindi kupandia ndege Mtwara aongeze safari ya gari, muda wa ukaguzi uwanjani, kungoja mzigo, na foleni ya Dar, ambayo jioni inaweza kuzidi muda aliokaa angani.

Ukivuka mpaka, angalia pia saa za kule. Msumbiji iko nyuma yetu kwa saa moja. Ndege ikitoka Dar saa nne asubuhi kwenda Pemba ya Msumbiji na kutumia saa moja na nusu, itatua saa nne na nusu kwa saa za Pemba. Saa hiyo ndiyo ya kumpa ndugu anayekuja kukupokea.