Viwanda katika uchoraji wa Ulaya: yanayosemwa, na yaliyomo kwenye picha

Dhana: Waimpreshonisti, wachoraji wa Ufaransa wa karne ya 19 waliochora mwanga unavyoonekana kwa muda, walichora maua na maji tu.
Claude Monet, mmoja wao, huyuhuyu wa picha za mayungiyungi, ndiye aliyechora, mwaka 1875, makuli wakishusha makaa ya mawe kutoka kwenye matishali ya mto Seine. Wanapanda na kushuka juu ya mbao nyembamba, mmoja nyuma ya mwingine, na makapu yao. Aliyewahi kukaa bandarini ataujua mwendo ule mara moja. Mwaka 1877 akahamia stesheni ya Saint-Lazare, Paris, akachora gari moshi tena na tena, moshi ukiwa umejaa chini ya paa la vioo.

Dhana: mashine zililetwa kwenye uchoraji na Wafuturisti wa Italia, wasanii waliotukuza kasi na mashine, 1909.
Mwingereza Joseph Wright wa Derby alichora karakana ya wafua chuma mwaka 1772. Mwingereza mwenzake, Turner, alichora treni ikikata mvua mwaka 1844. Na huyo Boccioni, Mfuturisti mwenyewe, alipochora mji unaojengwa mwaka 1910, aliyejaa katikati ya turubai ni farasi.

Dhana: kiwandani wachoraji waliona wanaume tu.
Picha ya mchoraji Mwingereza Laura Knight, 1943: mfanyakazi Ruby Loftus ameinamia kerezo (mashine ya kuchongea chuma) katika kiwanda cha silaha cha Newport, Wales, akichonga hesi, yaani mifuo ya skrubu, ya pete ya mzinga.

Dhana: aliyechora wafanyakazi alikuwa mpinzani wa matajiri.
Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inamfanya mtu aache kuitazama picha. Mchoraji Mjerumani Adolph Menzel alipata sifa kwa kumchora mfalme Frederick wa Pili wa Prussia. Kisha, mwaka 1872, akaenda Königshütte huko Silesia (leo ni Chorzów, Poland), akajaza michoro zaidi ya mia ya kiwanda kilichokuwa kikitengeneza reli. Picha aliyoimaliza mwaka 1875, yenye upana wa mita mbili na nusu, ilinunuliwa kwanza na mwenye benki, Adolph von Liebermann, na mwaka huohuo ikaingia Nationalgalerie, jumba la sanaa la Berlin.

Hata hivyo, ukisimama mbele yake huoni sifa za mwenye mali. Meneja yupo, lakini yuko mbali kule nyuma, mdogo, na kofia yake kichwani. Katikati, chuma kinachowaka kinaingizwa kwenye mtambo wa kukibana, na wanaume wanakikabili kwa koleo, nyuso zimekunjamana kwa joto. Kushoto, waliomaliza zamu wananawa, vifua wazi. Kulia chini, wengine wamejibanza nyuma ya bati wanakula harakaharaka. Kando yao msichana aliyewaletea chakula ameinamia kikapu chake, na katika umati wote ule ni yeye anayeinua macho kututazama.