Hakukuwa na njia panda Chittagong

Safari hii alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Kabla yake mhariri mwenzangu, na kabla ya huyo shemeji yangu, mdomo umejaa pilau. Swali ni lile lile: "India si walipata uhuru kwa kufunga na kuandamana? Hao wenye bunduki umewatoa wapi?" Ninafundisha riwaya ya kihistoria na kuhariri miswada yake, na upole umeniishia.

Haya, haraka haraka. Surya Sen, mwalimu wa shule huko Chittagong, Bengali ya Mashariki, leo Bangladesh. Usiku wa 18 Aprili 1930, yeye na vijana zaidi ya 60 walivamia ghala la silaha la polisi na lile la kikosi cha akiba, wakaharibu ofisi ya simu na telegrafu. Siku nne baadaye jeshi likawakuta kwenye kilima cha Jalalabad. Walikufa 12, mmoja wao mdogo wa Lokenath Bal, yule kijana aliyekuwa ameongoza uvamizi wa ghala mojawapo. Sen alijificha vijijini karibu miaka mitatu, akasalitiwa Februari 1933, akanyongwa 12 Januari 1934.

Sasa kinachoniudhi. Hata wanaojua hayo yote, wakikaa kuandika, wanajenga njia panda. Huku Gandhi na fimbo yake, kule Sen na bastola, na katikati mhusika mkuu anasikiliza hotuba mbili kisha anachagua. Nimesoma sura hiyo mara nyingi hata naweza kuiandika usingizini. Njia panda hiyo haikuwepo! Sen alikuwa katibu wa Congress wilayani Chittagong, chama kile kile cha Gandhi. Gandhi alipoanzisha kampeni ya kutoshirikiana na serikali ya Waingereza mwaka 1920, wanamapinduzi wengi wa Bengali waliweka mabomu kando wampe nafasi. Februari 1922 umati ukachoma kituo cha polisi Chauri Chaura na askari ndani yake, Gandhi akasimamisha kampeni nchi nzima, na wale vijana wakabaki kama mtu aliyeshushwa basi katikati ya pori. Halafu tazama kalenda: Gandhi aliokota chumvi ufukweni Dandi, kuvunja sheria ya chumvi ya Waingereza, tarehe 6 Aprili 1930. Maghala ya Chittagong yalivamiwa siku 12 baadaye. Mwandishi mwenye jicho angemwonyesha mtu mmoja, asubuhi anaandika kumbukumbu za kikao cha chama, usiku anahesabu bastola, na haoni kwamba amebadili upande. Mtu huyo ni mgumu kumwandika. Wa njia panda ni rahisi, ndiyo maana anapendwa.

La pili ni risasi. Vijana walizipata bunduki za rashasha aina ya Lewis. Risasi zake hawakuziona. Wenzao waliotumwa klabu ya Wazungu walikuta viti vitupu, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa Kuu. Walikuwa wamevutiwa na uasi wa Pasaka wa Waayalandi dhidi ya Waingereza, Dublin, mwaka 1916, na Pasaka hiyo hiyo ikawaficha Wazungu waliokuwa wakisakwa. Kuna mswada ulioniletea klabu iliyofurika na risasi tele. Nikauliza kulikoni, nikaambiwa msuko ulikuwa "unalegea". Nimeurudisha. Ukiwapa risasi, Jalalabad haielezeki tena, wala ile miaka mitatu ya kulala kwenye vibanda vya wanakijiji.

Kuna na damu ambayo riwaya za mashujaa huifuta. Mwaka 1908, Khudiram Bose na Prafulla Chaki walirusha bomu Muzaffarpur wakimlenga hakimu Kingsford. Lilikuwa gari la farasi la watu wengine. Wakafa mama na binti yake. Khudiram alinyongwa akiwa na miaka 18. Siwezi kumwandika mmoja nikawaacha wale wawili, ingawa nakiri kila nikiwaingiza, sura nzima inanigeukia na sijui tena namlilia nani.

Pritilata Waddedar, msichana wa kundi la Sen, ndiye ananishinda kabisa. Septemba 1932 aliongoza shambulio la klabu ya Wazungu ya Pahartali akiwa amevaa kiume, kisha akameza sumu ya sayanaidi. Umri, miaka 21. Aliacha maandishi, lakini ni maneno ya mtu anayejua yatasomwa na polisi. Mara mbili nimemwandikia mawazo yake ya mwisho kwa nafsi ya kwanza, mara mbili nimechana. Yalikuwa mawazo yangu yaliyovaa nguo zake.

Halafu kuna aibu ndogo ya lugha. Wafuasi wa Sen walimwita Masterda. Hiyo "da" ni kifupi cha dada, na dada kwa Kibengali ni kaka mkubwa. Niliwahi kuandika "Surya-dada" kwenye rasimu. Msomaji wangu wa kwanza alifika ukurasa wa 40 akiamini kiongozi wa uasi ni mwanamke. Nikajaribu "Kaka Mwalimu", kikawa kichekesho. Nikaacha "Mwalimu" peke yake, na mzee mmoja akaniuliza Nyerere anatafuta nini Chittagong. Kwa sasa limebaki Masterda, na tanbihi ambayo hakuna anayeisoma.