Mbegu za Mtapo: Kutapika Si Dawa Kufanya Kazi

Mtapo ni mmea gani?
Ule unaofanana na mnazi mfupi, wenye majani magumu, unaopandwa sana kwenye bustani za Pwani. Si mnazi, wala hauna undugu nao.

Mbona wazee walikula mbegu zake?
Walikula wakati wa njaa, kwa sababu zina wanga mwingi. Lakini walizikatakata, wakaziloweka siku kadhaa huku wakimwaga maji na kuweka mengine, ndipo wakasaga unga. Sumu yake kuu, saikasini, huyeyuka kwenye maji. Ukiimeza, bakteria wa utumbo huvunja sukari iliyoshikamana nayo, na kinachobaki hushambulia ini. Mwaka 1901, vitani Afrika Kusini, jenerali wa Makaburu Jan Smuts na wapiganaji wake wenye njaa walikula mbegu za mmea wa jamii hii wakaugua vibaya.

Nimekunywa maji ya mbegu hizo, sasa natapika. Si dawa inasafisha tumbo?
Hapana. Ni sumu. Nenda hospitali sasa hivi.

Lakini aliyenipa alisema nitatapika kwanza, kisha nitapona.
Hapana tena. Kutapika ni mwili kuikataa sumu. Hapa hospitalini tunawapokea watu macho yameshakuwa ya manjano, na ndugu anaeleza kwamba walikuwa "wanasubiri uchafu uishe". Jamani, uchafu gani? Saa mlizosubiri ndizo ini lilikuwa linaumia.

Kutapika kukikoma?
Bado nenda. Tumbo kutulia hakumaanishi ini limepona. Tunahitaji kulipima kwa damu.

Nimpe mgonjwa maziwa, au nimtapishe kwa kidole?
Usimpe, usimtapishe. Mletee daktari mabaki ya mbegu au ya dawa aliyokunywa. Hakuna dawa mahususi ya kuiondoa sumu hii. Tunachoweza ni mkaa wa dawa mgonjwa akiwahi, dripu, na kumfuatilia kwa karibu. Kwa hiyo kuwahi ndiko kunakosaidia.

Kupaka kwenye kidonda je?
Usipake. Wachamoro, wenyeji wa kisiwa cha Guam katika Bahari ya Pasifiki, walibandika kwenye vidonda mbegu mbichi zilizokunwa za mmea wa jamii hii. Kisiwa hichohicho kilisumbuliwa na ugonjwa wa kupooza na kutetemeka, na watafiti wengi wameushuku unga wa mbegu hizi, ingawa ubishi haujaisha. Kidonda kisafishe kwa maji safi na sabuni, kisha uje kliniki.

Tuna mtapo uani na watoto wadogo. Tuung'oe?
Si lazima. Okota mbegu zote zinapodondoka, usiache hata moja. Mbwa nao huzitafuna wakafa.