Dawa ya Mikorosho Imefanyiwa Utafiti: Uliza Haya Kabla ya Bei

Msimu wa kupulizia ukikaribia, kwenye vyama vya msingi vya Mtwara na Lindi huzuka habari kwamba dawa fulani ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga kwenye mikorosho, imefanyiwa utafiti na mavuno yamepanda. Mkulima huuliza bei. Sisi watafiti tungependa aanze na maswali mawili.

Je, ni dawa kweli iliyopandisha mavuno? Hilo ndilo swali la uhalali wa ndani. Mkorosho hauzai sawasawa kila mwaka, kwa hiyo kulinganisha mwaka jana na mwaka huu hakuthibitishi kitu. Lazima iwepo mikorosho isiyopuliziwa, shamba hilohilo, msimu huohuo, na mgawanyo ufanywe kwa kura. Mwenye shamba akichagua mwenyewe, ataipulizia ile aliyoipogolea vizuri, na hapo sifa ni za panga.

Salfa ya unga, mojawapo ya dawa za ubwiriunga, ina vituko vyake. Ikishatoka kwenye mashine, upepo huibeba hadi kwenye miti ya jirani, ikiwemo ile iliyoachwa makusudi kwa ajili ya kulinganisha. Tofauti hupungua, dawa nzuri ikaonekana bure. Watu wengi hudhani utafiti mbovu siku zote huipamba dawa, huu huiponza. Ndiyo maana kati ya vitalu vya majaribio huachwa mistari ya miti ambayo haihesabiwi kabisa.

Swali la pili ni la uhalali wa nje: yaliyotokea kule yatatokea kwako? Kwenye kituo cha utafiti miti imepogolewa, mashine ipo, dawa inapigwa kwa ratiba. Wewe mashine unaazima, na zamu yako ikifika maua yameshaungua. Tena ubwiriunga hupenda ubaridi. Asubuhi za Newala, kule mwinukoni, si za pwani ya Lindi.

Nachingwea wanalijua hili kwa uchungu. Mpango wa karanga wa Waingereza, uliofika hadi kwao na kudumu kuanzia 1947 hadi 1951, ulianzishwa kwa hesabu za makaratasi, bila majaribio madogo kwanza. Kongwa, ulikoanzia, udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, na mvua hazikufuata hesabu hizo.

Ukitaka kujijaribia mwenyewe, gawa shamba vipande vyenye nafasi katikati, piga kura, pulizia asubuhi upepo ukiwa umetulia. Kisha pima korosho za kila kipande peke yake, kabla hazijachanganywa kwenye magunia ya kupeleka ghalani.