Duma wa Mara na magari yanayomzunguka

Duma huwinda zaidi mchana, maana usiku ni wa simba na fisi, ambao humpora nyama na kumuulia watoto. Saa hizohizo ndizo za matembezi ya watalii.

Dereva mmoja akimwona hutangaza kwenye redio, na baada ya muda mfupi magari kumi yamemzunguka. Swala tomi wanainua vichwa, windo limeharibika. Duma hukimbia mita mia chache tu, na akishakamata hubaki akihema, pengine hadi nusu saa, kabla ya kula. Mbio zilizopotea bure ni hasara kubwa kwa mama mwenye watoto wanaomngoja.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu duma wa hifadhi ya Masai Mara, Kenya, ulionyesha ukubwa wa hasara hiyo. Palipo na watalii wengi, kila uzazi ulifikisha watoto 0.21 kwa wastani kwenye umri wa kujitegemea. Palipo na watalii wachache, 2.32. Yaani penye watalii wengi, mama watano wazae ndipo apatikane mtoto mmoja!

Idadi ya wageni kwa mwaka haitoshi kueleza tatizo. Kinachoumiza ni wengi kurundikana mahali pamoja, saa moja, na umaarufu ndio unaowarundika: picha ya mama na watoto wake ikisambaa mtandaoni, kila mgeni anayefuata anamtaka yeye. Ardhi nayo huumia. Udongo mweusi wa Mara ukilowa, gari moja nje ya barabara huacha mifereji. La pili huikwepa, la tatu hukwepa njia zote mbili, na nyasi zinakwisha.

Kanuni za hifadhi huruhusu magari yasiyozidi matano kwa mnyama mmoja, kwa umbali usiopungua mita 25. Wengine wangoje zamu. Lawama nyingi humwangukia dereva, ilhali mara nyingi anahofia mgeni atanuna na bahshishi itapotea. Basi mwambie asubuhi, kabla hamjaondoka, kwamba hutaki asogee kupita kiasi. Zima huduma ya mahali (location) kwenye simu kabla ya kupiga picha, na usitaje mto wala kilima alipoonekana. Duma akiacha kutazama swala akaanza kuyatazama magari, au akiinuka kuhamisha watoto, mmeshakaribia mno: rudini nyuma taratibu, bila kumkatia njia.