Breka iliyotulia muda mrefu ndiyo ya kuangaliwa zaidi

Mvua zinapoanza Nyanda za Juu Kusini, radi nazo huanza kupiga njia kubwa za umeme. Ikipiga njia ya kilovoti 220 inayotoka Iringa kupitia Mufindi hadi Mbeya, rilei, yaani kifaa kinachotambua hitilafu, huamuru sakiti breka (swichi kubwa za kukatia umeme) zilizo kwenye vituo vya kupozea umeme zikate. Tangu amri itoke hadi mkondo ukatike, breka nyingi za msongo huu hutumia milisekunde 40 hadi 60, yaani mizunguko miwili au mitatu ya umeme wetu wa hezi 50. Breka ikigoma, za jirani hulazimika kukata kwa niaba yake, na hitilafu ya njia moja inaweza kuzima eneo kubwa.

Lakini breka hiyohiyo huweza kukaa miezi mingi bila kukata hata mara moja. Inapitisha umeme vizuri, kwa nje inaonekana nzima, kumbe ndani grisi inakauka na kitasa kinachozuia springi ya kuifungua breka kinaanza kuwa kizito. Tafiti za CIGRE, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa mifumo mikubwa ya umeme, zimeonyesha kwamba hitilafu kubwa za breka hutokana zaidi na sehemu hii ya kuiendesha.

Ndiyo maana tunasisitiza kupima mkato wa kwanza baada ya utulivu huo. Fundi akiifungua na kuifunga breka mara kadhaa kabla ya kuunganisha kipimo, grisi hulainika, na majibu yanatoka mazuri kuliko hali halisi. Kipimo kinachofaa ni kile kinachoinasa ikiwa bado kazini. Tunarekodi mkondo wa koili ya kukatia, yaani sumaku ya umeme inayofyatua kitasa: hupanda, hushuka kidogo pale kichuma cha ndani kinapoanza kusogea, kisha hupanda tena mpaka swichi saidizi iukate. Kibonde hicho kikichelewa kuliko kwenye rekodi za awali, kichuma kinakwama. Kikitokea kwa wakati wake lakini vigusio, yaani vyuma vinavyopitisha mkondo ndani ya breka, vikachelewa kuachana, tafuta tatizo kwenye kitasa au springi. Muda wa mota kuijaza springi nguvu nao ni wa kufuatilia.

Gesi ya SF6 (salfa heksafloridi), inayozima tao la umeme, yaani cheche kali inayozuka vigusio vinapoachana, inahitaji uangalifu wa pekee huku kwetu. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu baa 0.2 kuliko Dar es Salaam. Geji inayolinganisha gesi na hewa ya nje itasoma juu kwa kiasi hichohicho, na uvujaji mdogo unaweza kujificha hapo. Baridi ya Julai nayo hushusha shinikizo bila gesi yoyote kupotea, kwa hiyo kinachopaswa kupimwa ni msongamano wa gesi. Gesi hii ikivuja, hupasha joto dunia zaidi ya mara 23,000 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100.

Wananchi huuliza kwa nini umeme ukatwe kwa ajili ya matengenezo wakati hakuna kilichoharibika. Swali hilo ni la haki. Penye vipimo vilivyofungwa kwa kudumu, breka hukaguliwa kila inapofanya kazi, na inayozimwa ni ile tu ambayo rekodi zake zimebadilika.